Rosti Isiyokatwa

Julai ya 2011 nilikuwa na miezi mitano ya ndoa na mwezi mmoja wa kuishi Mbeya. Mimi ni wa Tanga. Nilifika na kanga doti kumi na mbili na sweta moja, na hilo sweta moja liliwachekesha majirani wa Uyole mpaka leo wakinikumbuka wanalitaja.

Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Tukuyu. Baba mkwe alitaka kupimwa macho mjini, na mama akasema hatamwacha aende peke yake. Mume wangu akaniambia juzi yake tu, tena akiwa anafunga viatu, kana kwamba anaelezea hali ya hewa. Nikaamua sitapika kitu ambacho mama mkwe anakipika kunizidi. Kwa ndizi na maharage ningeaibika. Nitaoka nyama.

Kabla ya kuolewa nilifanya kazi miaka miwili jikoni kwenye hoteli moja Tanga, na huko nilijifunza kuoka paja la ng'ombe likiwa zima na sosi yake nzito ya krimu na pilipili. Nilikuwa nimeipika mara nyingi mno. Sikuwahi kuipika nyumbani, ila sikuona tofauti.

Tofauti ya kwanza niliiona buchani. Nikaomba steki kilo tatu, kipande kimoja. Muuzaji akakata, akaiweka juu ya gogo, akainua shoka. Nikapiga kelele. Akabaki shoka liko juu, wateja wote wananitazama.

"Hukatiwi, dada?"

"Nataka hivyo hivyo."

"Ya kupika nini?"

Nikasema rosti. Akacheka, na alikuwa na haki. Rosti kila mtu anaijua: vipande vidogo, nyanya, kitunguu, mchuzi umekauka mpaka unang'ang'ania nyama. Sikuwa na neno jingine la kumpa.

Usiku niliipaka kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, chumvi na vijiko viwili vya papai bichi lililosagwa, maana ng'ombe wetu wametembea sana maishani na nyama yao inalijua hilo. Friji sikulihitaji. Bakuli lilikaa sakafuni stoo, na asubuhi nilipoigusa ile nyama vidole viliniuma kwa baridi.

Wakwe walishuka stendi ya Uyole saa tatu, pamoja na wifi yangu aliyebeba dumu la lita tano la maziwa. Hapa nieleze jambo. Kwa mila ya Wanyakyusa ya zamani, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Anampisha njia, hata jina lake halitamki. Mjini mambo haya yamelegea sana, ila kwa baba yetu huyu yalikuwa yamelegea kidogo tu. Nilimsalimia kwa magoti nikiwa mlangoni, macho chini. Nilichokiona ni viatu vyeusi vilivyopigwa rangi na ncha ya fimbo. Akaitikia kwa sauti nzuri ya upole, akaingia sebuleni, na kuanzia hapo nilikuwa namsikia tu akikohoa.

Saa nne na nusu nikaingiza nyama kwenye oveni. Saa tano umeme ukakatika. Ule ndio mwaka wa mgawo, watu wanasema bwawa la Mtera limebaki tope, na sisi tuliokuwa na oveni tulikuwa na kabati la bati la kuhifadhia sufuria. Ratiba ilisema zamu yetu ni jioni. Baba mkwe hula saa nane.

Mama mkwe akaja kusimama nyuma yangu, akaitazama ile nyama.

"Mwanangu, mbona hujaikata?"

"Inaokwa nzima, mama."

Hakusema kitu. Akatoka nje, akaanza kuwasha mkaa, na sikujua kama ananisaidia au anajiandaa kupika chakula kingine.

Alikuwa ananisaidia. Tuliikaanga nyama pande zote kwenye sufuria nzito mpaka ikashika rangi ya kahawia, tukatia kikombe cha maji, tukafunika kwa mfuniko wa bati na kupanga makaa juu yake, moto juu na chini, kama mkate wa kumimina. Nikatabiri saa moja na nusu. Mama akasema mbili na nusu. Shemeji yangu, mwalimu wa fizikia ambaye husikia harufu ya nyama akiwa mtaa wa tatu, akafika na kumuunga mkono: Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo kila kinachoiva kwa maji na mvuke kinachelewa. Mwezi mzima nilikuwa nimelaumu maharage.

Sosi ndiyo ilinitoa jasho. Kule hotelini krimu ilitoka kwenye boksi. Hapa nilichemsha maziwa ya wifi, nikayaacha yapoe dirishani, na kwa ile baridi malai yaliganda juu manene kama kitambaa. Nikayaengua, yakajaa kikombe. Lakini nikataka kuyabania, nikaanza na maziwa matupu: kitunguu, nyanya, pilipili mbuzi mbili, limau, maziwa, moto mkali. Ndani ya dakika moja yakakatika. Vibonge vyeupe vinaogelea kwenye maji ya njano.

Mtoto wa Tanga, aliyekalishwa jikoni tangu akiwa na miaka saba akiambiwa koroga, tui lisikatike, koroga, usiache mkono! Na ukali wa limau juu ya maziwa yanayochemka nilikuwa naujua. Hofu ya viatu vile sebuleni ilinisahaulisha.

Nikamwaga. Mara ya pili sikutia nyanya wala limau. Nikachota mafuta yaliyotoka kwenye nyama pamoja na ule ukoko mtamu ulioshika chini ya sufuria, nikakaangia kitunguu na kijiko cha unga wa ngano, kisha pilipili mbuzi iliyotolewa mbegu na pilipili manga ya kutosha. Nikaongeza supu kidogo. Nikaepua kabisa, ndipo nikatia malai kijiko kimoja kimoja, nakoroga. Ikawa nzito, rangi ya chai ya maziwa, na ile harufu ya pilipili mbuzi ikapanda mpaka shemeji akapiga chafya uani.

Nyama niliiacha ipumzike dakika ishirini huku mama ananihimiza baba ana njaa. Nikakata slesi nyembamba, kukingama na nyuzi zake. Katikati ilikuwa laini, ya waridi kwa mbali. Mwisho mmoja uliungua, sitaki kusema uongo.

Wifi akabeba sahani na ugali. Mlango ukafungwa. Sisi jikoni tukala kimya, mimi siisikii ladha, nahesabu kikohozi. Hakohoi. Nikawaza amesusa.

Baada ya muda wifi akarudi na sahani. Ilikuwa imepanguswa, alama za tonge zimepita kwenye sosi mpaka ua lililochorwa katikati ya sahani likaonekana.

"Baba anauliza, ile rosti imebaki?"

Nikatazama sufuria. Shemeji alikuwa ameimaliza, hata kile kipande kilichoungua. Nikageuka kwa mama mkwe, na yeye akawa anaangalia dirishani. Kisha akavuta pumzi, akainama, akafungua mlango wa oveni isiyo na umeme, akatoa kibakuli kilichofunikwa kwa sahani.

"Nilikuwa nimejiwekea ya asubuhi," akasema. "Mpelekeeni."