Stata ya Hilux, na kikapu cha mama hadi Mombasa

Kama wiki tatu hivi gari ilikua yanambia kitu nami sitaki kusikia. Asubuhi natia ufunguo nazungusha, "tak", basi. Nazungusha tena, "tak". Mara ya nne ama ya tano inashika, inanguruma, naondoka zangu nshasahau. Ni Hilux ya zamani, modeli LN106, dizeli, injini ya aina ya 3L, aliiwacha marehemu baba, mlango wa abiria wafunguka kwa ndani tu na kioo chashikwa na kipande cha mbao, lakini yabeba makuti kutoka Mambrui hadi mahoteli ya Watamu bila maneno na ndo inayotulisha.

Siku iliyokataa kabisa ilikua Ijumaa, Mambrui, mzigo ushafungwa kamba, nimeizima nikaswali narudi na kanzu yangu nzuri, "tak". Nkazungusha mpaka kidole kikauma. Watoto wa chuo cha Kurani wakaja kusukuma, kama kumi na tano, na pale chini mchanga mtupu, na dizeli kusukuma si kama petroli jama, kompresheni ya hii injini, yaani vile inavyobana hewa, ni kama 22 kwa 1 na petroli za zamani za Hilux ziko kwenye 9 hivi, yaani unasukuma ukuta. Ikawaka mara ya tatu. Nkawaahidi visheti, wakanambia tutakukumbusha.

Sasa kosa la kwanza, na naliandika hapa ili mtu mwengine asilifanye: nlinunua betri. Sikupima, sikuuliza, nlienda tu mjini nkanunua betri mpya kubwa, nkaitia, "tak". Ile ile. Mama watoto akaniangalia tu hakusema kitu, bora angesema.

Kosa la pili likaja kwa simu. Shemeji yangu aliyeko Mombasa akanitumia picha ya stata mpya, ile mota ndogo ya kuzungusha injini ipate kuwaka, kwenye boksi, inang'ara kama sahani ya arusi, bei shilingi 9,500, "mwenye duka asema yaingia Hilux zote". Hilux zote! Nshafungua M-Pesa. Nkakumbuka kwanza nimpigie mzee mmoja fundi wa umeme wa gari hapa Maweni, Malindi, mzee ambaye amezitengeneza stata tangu mimi nasoma, akanambia, "Usitume pesa mwanangu. Fungua ya kwako uniletee."

Nkaifungua mwenyewe. Toa waya wa hasi kwenye betri KWANZA, mimi nlikumbuka baada ya spana kugusa bodi na cheche kuruka, nywele za mkono zikanuka kama kichwa cha mbuzi. Bolti mbili kubwa zashikilia, na ile ya juu unaifikia kwa kujipinda, ukitoka hapo hata shingo yako si ya kwako.

Mzee akaiweka juu ya gunia, akafungua kifuniko cha solenoidi, ndo swichi ya stata, skrubu tatu tu, akanionyesha. Ndani mna vipande viwili vya shaba na kati yao kidude chenye kisahani cha shaba. Ukizungusha ufunguo, umeme mdogo wavuta kile kidude, kinafanya kazi mbili kwa pamoja, kinasukuma gia ya mbele iumane na flaiwili, lile gurudumu la meno la injini, na kile kisahani kinagusa vile vipande viwili ndo umeme mkubwa upite kuingia kwenye mota. Ile "tak" ni kidude kuvutwa. Kikivutwa na mota isizunguke basi mara nyingi shaba imelika, na ya kwangu kipande kimoja kilikua chembamba kama ganda la kitunguu na cha pili kizima kabisa. Seti mpya ya vile vipande mzee auza shilingi 600. Nkafurahi nkajua nimepona.

Akasema ngoja. Akatoa kaboni, vile vijiti vinavyopitisha umeme kwenye mota, fupi. Akatoa amecha, ule mhimili wa waya za shaba unaozunguka ndani ya mota, akaipitisha mkono, akanipa nami niguse, upande mmoja ilikua imekwaruzwa mpaka yameremeta. Bushi, zile pete zinazoishika amecha katikati, zilikua zimekwisha, kwa hivyo ikawa yazunguka ikijisugua, na kumbe oili ya injini imevuja miaka ikaingia ndani ikachanganyika na vumbi la kaboni, matope meusi tu. Kuisuka upya amecha yawezekana, mzee akasema, lakini kwa ile hali bora kutafuta nyingine.

"Basi ninunue ile ya boksi?"

Akacheka. "Chukua hii ya zamani, tia kwenye kikapu, nenda nayo. Usinunue stata kwa jina la gari, nunua kwa kuilinganisha."

Nkaenda Mombasa na matatu, kilomita kama 120, nimepakata kikapu cha mama cha sokoni ndani mna chuma kizito chanuka oili, mama aliyekaa kando yangu akauliza ni samaki gani huyo.

Duka la kwanza ndo lile la boksi. Nkaitoa ya kwangu nkaiweka kando ya ile mpya. Kwa mbali mapacha. Nkahesabu meno ya gia ya mbele, yangu 11, ile 9. Ile ni ya petroli! Kwenye hizi Hilux za zamani herufi za mwanzo za modeli zakwambia, LN ni injini za familia ya L, dizeli, RN na YN ni petroli, na stata ya petroli ni ndogo nguvu, ya kwangu imeandikwa 2.0 kW, ile nkaona 1.4. Hata kama bolti zingekubali, meno yangekua yakwaruza flaiwili mpaka siku moja giaboksi nzima ishushwe. Kijana akaniletea nyengine, meno sawa, bolti sawa, nkasema alhamdulillahi, nkageuza nkasoma kibandiko, 24V. Hiyo ni ya lori. Kwenye betri ya 12 ingezunguka kama mzee apanda ngazi. Tena ukutani wameandika vitu vya umeme vikiuzwa havirudi, kwa hivyo fikiria ningetuma zile 9,500 kwa simu.

Akaleta ya tatu, mpya, yote sawa, kibandiko chasema NIPPONDENSO. Hapo ndo nlipoaga. Ile kampuni ya Japani ya vifaa vya gari iliwacha jina hilo 1996, yajiita DENSO, sasa stata iliyotoka kiwandani juzi na jina la 1996 imelitoa wapi? Kwenye kitu kikuukuu jina hilo ni sifa, kwenye kitu kipya ni mashaka.

Duka la pili ni la spea zilizotolewa kwenye magari Japani, giza, zimepangwa sakafuni kama nazi. Hapo nkachukua wakati wangu. Nlichoangalia: meno, umbali wa matundu ya bolti (nlizigeuza nkazibana uso kwa uso, ya kwangu na yake, matundu yaonane), mahali pa kufungia waya mkubwa pasije pakagonga bomba, volti, kilowati. Kisha nkaishika ile gia kwa vidole nkaitikisa juu chini, ikicheza sana bushi ama beringi zimechoka. Nkanusa pia, usicheke, amecha iliyoungua yanuka na harufu haitoki. Mwenye duka akaitia waya za jampa huku ameikanyaga kwa mguu manake zaruka hizi kwa nguvu, ikatoa gia, ikazunguka, ikarudi. Pale haina mzigo wa injini, kwa hivyo kuzunguka pale si ushahidi wa kila kitu, lakini isipozunguka pale haitazunguka popote. 8,000 baada ya kuvutana. Ghali kwa kitu cha mtumba? Mimi hiyo naichukua mbele ya ile ya boksi siku yoyote.

Mzee aliifungua vilevile, akatia shaba mpya za 600, akasafisha, grisi kwenye gia, akafunga. Nkairudisha kwenye gari, nkazungusha, ikazunguka... polepole. Wallahi nlitaka kulia.

Mzee akaja na mita. Betri ikiwa imetulia volti 12.6, sawa. Akanambia zungusha, akapima kwenye ncha za betri, haikushuka chini ya 10 na kiasi ni isishuke 9.6, kwa hivyo betri haina kosa. Akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyengine kwenye mwili wa injini, zungusha, mita ikasoma zaidi ya volti 1, na hapo inatakiwa isipite nusu. Tukaufuata waya wa athi, ule utokao kwenye hasi ya betri kwenda kwenye mwili wa injini, mpaka mwisho wake, akaukata kidogo kwa kisu, ndani shaba yote kijani, yapukutika. Chumvi ya bahari. Gari inalala mita mia tatu kutoka ufuoni na inashinda kule Mambrui na Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, ungetaraji nini. Waya mpya mnene, kichwa kikakwaruzwa msasa, grisi juu.

Nkagusa ufunguo. Haikufika hata sekunde mbili.

Ile betri niliyoitoa nkaiona mbovu iko kwa shemeji, yawasha taa na redio kwenye banda lake la kuku mwezi wa pili sasa, haina neno. Na Ijumaa iliyopita nlikua Mambrui tena, natoka msikitini nawaona watoto wa chuo wamejipanga nyuma ya pikapu tayari, mikono kwenye bodi. Nkawasha. Mmoja akasema, "Aaa ami, na visheti je?"