Mtembea kwa Miguu na Mwendo wa Magari Jijini Mwanza

Umbo la Mwanza lenyewe humsukuma mtembea kwa miguu barabarani. Upande mmoja kuna ziwa, upande mwingine vilima vya mawe, na katika ukanda mwembamba uliobaki zimepita barabara za Nyerere, Kenyatta na Makongoro, ambazo karibu kila safari ya jijini hulazimika kuzigusa. Mkazi wa mlimani Mabatini au Igogo akishuka kwa ngazi za mawe kwenda sokoni, hukutana uso kwa uso na malori na mabasi ya mikoani. Wilaya za Nyamagana na Ilemela, zinazobeba jiji hili, zilikuwa na watu zaidi ya 700,000 katika sensa ya 2012. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya 1,100,000, na ukanda ule haujaongezeka upana.

Kila ajali inapotokea, maneno ya kwanza huwa ni uzembe wa aliyegongwa. Mimi huona hukumu hiyo ni ya haraka mno. Penye njia ya miguu kuna meza ya machinga au bodaboda zilizoegeshwa, penye mtaro hakuna mfuniko, na mtu mwenye beseni la samaki kichwani hubaki na ukingo wa lami tu. Hata anayefuata sheria na kusubiri kwenye kivuko cha pundamilia hayuko salama, kwa sababu daladala ikishasimama kumpisha, humziba asionekane, na bodaboda iliyokuwa nyuma huchomoka kuipita bila kujua kwa nini imesimama. Kwa maoni yangu, hilo ndilo kosa linalostahili kukamatwa na trafiki kuliko mengine mengi yanayotuchelewesha njiani.

Hata hivyo, jambo kubwa zaidi ni mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, lakini hata kwa mwendo huo halali gari husafiri takriban mita 14 katika sekunde moja ambayo dereva huitumia kushtuka kabla hajakanyaga breki. Kwa kilomita 30 huwa mita 8 tu. Gari dogo humpiga mtu mzima kwanza mguuni, likavunja ugoko au goti, kisha kichwa hufikia boneti au kioo. Mtoto, kwa ufupi wake, hupigwa kiunoni au kifuani. Mfupa wa paja ukivunjika, kupona huchukua miezi, na mchuuzi wa dagaa hana likizo ya ugonjwa.

Daraja la waenda kwa miguu la Furahisha, lililozinduliwa mwaka 2017, nimelipita na silibezi. Lakini daraja humdai mtembea kwa miguu apande na kushuka ili gari lisipunguze mwendo, na mzee au mtu mwenye magongo hulipa zaidi ya wengine. Fedha zikiwa chache, ningeanza na pundamilia zilizoinuliwa kama matuta, zenye taa za kutosha usiku, pale Igoma, Buzuruga na Mkuyuni. Dereva atakayepunguza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 30 kwa kipande cha kilomita tatu atachelewa kwa dakika mbili na nusu hivi.