Kumbukumbu ya mradi: mfumo wa hesabu sasa unasoma mapokezi ya asali moja kwa moja

Mradi huu unaunganisha mifumo miwili ya kituo kimoja cha kununua asali hapa Tabora mjini. Mfumo wa mapokezi, unaotumika kwenye mizani, niliutengeneza mimi kwa PostgreSQL, programu ya kutunza kanzidata. Mfumo wa hesabu uliandikwa na fundi mwingine na siwezi kuugusa ndani, ila unaweza kusoma jedwali lolote utakaloonyeshwa. Awali taarifa zilihamishwa kwa flashi kila jioni, na mfugaji nyuki aliyeleta ndoo zake asubuhi kutoka Sikonge alilazimika kulala mjini ili alipwe kesho yake.

Njia niliyoichagua ni mwonekano, yaani ulizo (agizo la kutafuta data) lililohifadhiwa kwenye kanzidata kwa jina lake, ambalo husomwa kama jedwali ingawa halitunzi data yoyote. Kila unaposomwa, kanzidata hukusanya mistari upya kutoka kwenye majedwali halisi, kwa hiyo hakuna nakala ya pili inayoweza kupitwa na wakati: karani akishahifadhi kipimo, mhasibu anakiona.

Mwonekano nimeuita mapokezi_hesabu, nao una namba ya risiti, tarehe, namba ya mfugaji, kilo halisi na kiasi cha kulipwa. Kilo halisi hupatikana humohumo, kwa kutoa uzito wa ndoo tupu kwenye uzito uliosomwa na mizani, na asali yenye maji zaidi ya asilimia 20, ambayo ndiyo kikomo cha kawaida cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, haitokei kabisa. Kanuni hizo zikikaa mahali pamoja, mifumo haiwezi kubishana.

Jambo ninalolithamini zaidi ni ruhusa. Akaunti ya mfumo wa hesabu imepewa ruhusa ya kusoma mwonekano huo peke yake, wala haina ruhusa yoyote kwenye majedwali yaliyo nyuma yake, kwa sababu kwa kawaida PostgreSQL huyasoma majedwali hayo kwa mamlaka ya mwenye mwonekano. Mhasibu anahudumiwa dirishani bila kuingia stoo, na namba za simu za wafugaji zinabaki ndani. Tangu toleo la 15 la mwaka 2022 inawezekana kuagiza mamlaka ya msomaji ndiyo yatumike. Hapa nimeiacha hali ya kawaida kwa makusudi.

Mtihani wenyewe ulikuja kituo kilipotaka kila ndoo ipimwe na kuandikwa peke yake, kwani ndoo moja yenye maji mengi ilikuwa inazuia mzigo mzima. Jedwali la mapokezi nililigawa mawili, la risiti na la ndoo, kisha nikauandika upya mwonekano ili ujumlishe ndoo za kila risiti. Amri ya kubadilisha mwonekano uliopo hukubali safu mpya (fungu la wima la jedwali, kama tarehe au kilo halisi) mwishoni tu. Haikubali kufuta safu, kubadilisha jina lake wala aina yake ya data. Kiasi cha kulipwa kilikuwa namba kamili ya kawaida, na jumla ya namba za aina hiyo hutoka katika aina kubwa zaidi, hivyo amri ilikataliwa mpaka nilipoirudisha jumla kwenye aina ya awali. Ukali huo naukubali kwa moyo wote, maana ndio unaomlinda fundi wa upande wa pili: mfumo wake uliendelea kusoma safu zilezile, kwa mpangilio uleule, bila mstari wake mmoja wa programu kuguswa.

Safu zote nazitaja kwa majina badala ya kutumia nyota, alama inayomaanisha "safu zote", kwa kuwa msomaji wa mwonekano anastahili kuijua orodha anayoitegemea.

Inayofuata ni ripoti ya msimu, ambayo hujumlisha mistari mingi na kuchelewa kufunguka. Hiyo nitaiwekea mwonekano unaohifadhi matokeo yake, uliopo tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013, na kuuhuisha usiku. Malipo hayatausoma, kwa sababu kati ya kuhuishwa na kuhuishwa unaonyesha hali ya jana. Baada yake ni zamu ya ghala, ambalo litapata mwonekano wake wa risiti na kilo, bila safu ya fedha.