Mmoja hayupo

Herufi ya kwanza aliyoijua mama hakuiona ubaoni. Aliiona kwenye paja la ng'ombe, imetoka kuungua, ngozi bado inafuka moshi. Baba yake alikuwa mchunga ng'ombe wa mshahara katika ranchi ya Kongwa, na siku ya kupiga chapa watoto wa kambini walikuwa wanapanda juu ya uzio kutazama. Aliporudi nyumbani aliichora ile chapa mavumbini kwa kijiti, akamuuliza mama yake inasemaje. Bibi hakujua kusoma. Akamjibu, "Inasema huyu ng'ombe si wetu."

Jumapili tulikusanyika hapa Pasiansi, Mwanza, kwa ajili ya miaka yake 80, naye akaisimulia tena, kwa mara ya mia sijui. Themanini yenyewe ni ya kukisia. Cheti chake kinasema tarehe 1 Julai, kama vyeti vya wazee wengi wa nchi hii. Mwaka waliupata kwa bibi, ambaye siku zote alisema kwamba matrekta yalipoingia Kongwa mtoto huyu alikuwa na miaka miwili. Matrekta hayo ni ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947. Kwao mafuta ya kula yalikuwa adimu baada ya vita, wakaamua karanga zitoke Ugogo. Mvua ikagoma, udongo ukakauka ukawa kama saruji, mashine zikafa moja baada ya nyingine, na kufikia 1951 wakakubali yaishe. Pori walilolifyeka likafaa kulishia ng'ombe. Mama akakulia hapo, kati ya mifugo na vyuma chakavu. Baadhi ya matrekta hayo yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa vya kulimia, na watoto walicheza kombolela ndani yake.

Jioni ng'ombe waliporudi, karani alisimama getini na daftari akihesabu. Babu alisimama upande wa pili, mikono nyuma. Alikuwa hahesabu ng'ombe, alisema kuwanyooshea kidole ni kuwatafutia mkosi. Aliwaangalia tu wakipita. Karani angehesabu mara mbili na kupata idadi mbili, halafu babu angesema taratibu, "Yule mwekundu mwenye baka kwenye paji hayupo." Wakienda kumtafuta wanamkuta kakwama korongoni.

Huo ndio ualimu wote wa mama, kwa maoni yangu. Chuoni walimwongezea chaki.

Alimaliza darasa la nane, akasoma ualimu miaka miwili, akatoka mwalimu wa daraja la C. Mwaka 1965 akapangiwa Mwanza. Alipanda treni Dodoma na sanduku lake la bati, akapitia Tabora, akashuka huku hajui neno la Kisukuma. Shule ilikuwa Igombe, ufukweni (mtu wa ng'ombe kupelekwa Igombe, utani huo tumeumaliza zamani). Watu wakimwambia "Mwangaluka", yeye anajibu "Mbukwa" ya Kigogo. Alipoliona ziwa kwa mara ya kwanza alimuuliza mwalimu mkuu, "Maji yote haya, mbona sioni ng'ombe?" Mwalimu mkuu alicheka hadi akakaa chini. Baada ya miaka michache watu walikuwa wanamwita Mayu Mwalimu, yaani Mama Mwalimu, na Kisukuma chake kikawa kizuri kuliko changu.

Daftari la mahudhurio lilimchosha. Asubuhi alisimama mlangoni watoto wakiingia, kisha akaanza somo. Daftari alilijaza saa ya mapumziko. Siku moja mkaguzi alifika, akakuta ukurasa mweupe, akauliza kwa ukali waliopo ni wangapi. Mama akasema idadi hajui, ila watatu hawapo: mmoja anauguza mdogo wake, mmoja ameenda kuanika dagaa, mmoja ana homa tangu jana. Wakahesabu vichwa, ikawa kweli wamepungua watatu. Mkaguzi akamwandikia karipio hivyohivyo, na sidhani kama alikosea sana. Serikali haiwezi kusoma macho ya mtu.

Kuanzia 1968 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa UNESCO wa kisomo cha watu wazima, na vitabu vyake vilihusu kazi za watu wenyewe: pamba, uvuvi, ng'ombe. Mama alipewa darasa la wavuvi. Wiki ya kwanza lilijaa, wiki ya pili hakuja mtu. Angekuwa mwalimu mwingine angeandika kwamba wavuvi ni wavivu. Yeye alishuka mwaloni, mitumbwi inakofikia, kuuliza. Akaambiwa: Mayu, usiku wa giza ndiyo wetu, dagaa hufuata taa, mwezi ukiwa mkubwa hawakusanyiki. Basi akaitupa ratiba. Darasa likafuata mwezi. Usiku wa giza wavuvi walikuwa majini na karabai zao, usiku wa mbalamwezi wanakuja kusoma, na karabai zilezile zinaning'inizwa kwenye kenchi za darasa, zinanuka samaki na mafuta ya taa. Mzee mmoja aliyejifunza kuandika jina lake pale alilichonga kwenye mtumbwi siku ileile, akakosea herufi moja, akakataa kuirekebisha. Alisema ndivyo alivyoiandika mwenyewe.

Halafu ikaja UPE, elimu ya msingi kwa wote. Mwaka 1977 watoto wote wakatakiwa shuleni, wakaja kweli. Darasa la mama likawa na watoto 97 na madawati 14. Wengine walikaa chini, wengine dirishani. Hapo ndipo jicho lake liliposhindwa. Msichana mmoja wa darasa la tano, mkimya, wa kukaa nyuma, aliacha kuja, na mama hakuona pengo lake kwa wiki tatu. Alipokwenda nyumbani kwao alikuta ng'ombe wa mahari wako zizini, kumi na wawili. Aliwaangalia mmoja mmoja kwa mazoea yake, anakumbuka rangi zao mpaka leo. Baba wa mtoto hakuwa mkorofi. Alimpa kiti, akamwambia tu, "Mwalimu, siku zote hizo ulikuwa wapi?"

Mama anaweza kukueleza vita vya Kagera huku anacheka. Mwaka 1979 ndege ya Libya ilikuja kulenga Mwanza, ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala, naye huuliza swala walimkosea nini Gaddafi. Habari ya yule msichana hacheki.

Sisi tulizaliwa watano. Usiku mama alikuwa anapita mlangoni na kutazama kandambili, kisha anaweka komeo. Kaka yetu wa tatu alifariki 1983 kwa surua, ana miaka tisa. Kandambili zake zilibaki pale mlangoni miezi mingi, za bluu, ya kushoto imeshonwa kwa waya. Hakuna aliyethubutu kuzitoa.

Baba, karani wa kinu cha kuchambulia pamba, alifariki miaka mitatu baadaye. Mishahara ya walimu wakati ule ilikuwa inakuja ikijisikia. Walimu wenzake waliuza maandazi na barafu, mama akanunua mtamba. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa namshikia kibatari. Alikuwa anapaka samli kidogo kwenye chuchu, anaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, na tone la kwanza linapiga chini ya ndoo, ting, mpaka maziwa yanapoongezeka na sauti inakuwa nzito. Hapo huwezi kumsemesha. Saa moja na nusu yuko darasani kavaa gauni la kitenge, na darasa hilo lilikuwa langu. Watoto walinong'ona kwamba mwalimu ananuka zizi. Siku moja na mimi nilicheka nao. Aliniona. Hakusema lolote, wala jioni, wala kesho yake, na kesho yake tena saa kumi na moja aliniamsha kumshikia kibatari. Ng'ombe yule na wajukuu zake walitulipia ada ya sekondari sote wanne.

Alistaafu 2005. Kiinua mgongo kilizungushwa na ofisi moja hadi akachoka kupanda ngazi zao. Siku aliyokipata alinunua mabati.

Turudi Jumapili. Kaka mkubwa alitoka Sengerema akajisifu kwamba amepita daraja jipya la Kigongo–Busisi kabla wimbo mmoja haujaisha redioni. Kilomita tatu hizo tumezisubiria kwenye foleni ya kivuko maisha yetu yote, tukamwacha ajisifu. Walikuja wajukuu, majirani, wanafunzi wa zamani wenye mvi kuliko mwalimu wao. Sato wa kuchoma, ugali, michembe, yaani viazi vitamu vikavu, kwa wenye meno. Siku hizi mama anachanganya majina. Mimi ananiita kwa jina la dada yake, nami naitika.

Tulipotaka kukata keki aliinua mkono. Alituzungusha macho pole pole, kutoka kwenye mwembe hadi kwenye tenki la maji.

"Mmoja hayupo."

Kimya. Dada yangu akainamisha kichwa. Kaka mkubwa akasogea, akamshika bega, akamwambia kwa upole, "Mama, yule alishatangulia, miaka mingi sasa."

Mama akamwangalia kama anavyomwangalia mtoto aliyejibu swali lisiloulizwa.

"Huyo namjua alipo. Nasema mtoto wa fulana ya njano."

Tukatazamana. Fulana ya njano? Kumbe ni mtoto wa jirani, miaka saba, tuliyemtuma dukani kufuata soda tangu saa nane, na sasa ilikuwa inakaribia saa kumi. Katika watu zaidi ya arobaini hakuna aliyemkumbuka. Vijana wakatoka mbio. Wakamkuta kwenye kona ya pili, kakaa juu ya kreti, analia, maana lilikuwa zito na aliona aibu kurudi bila soda.

Alipoingia getini mama alikuwa bado ameshikilia kisu cha keki, hajakata. Akamwangalia akipita, kuanzia miguu hadi kichwa.

"Haya," akasema. "Fungeni."