Jiwe la kahawia, Ngarenaro

Mwaka 1999 nilikuwa injinia wa migodi mwenye cheti kipya na suruali iliyopigwa pasi, nazunguka Arusha kutafuta kazi. Mafuriko ya Aprili 1998 yalikuwa yameua wachimbaji wengi Mererani, kwenye migodi ya tanzanaiti, na mama hakutaka hata kusikia nikiitaja. Nikawa nashinda Ngarenaro kwa mzee mmoja mtafuta madini, aliyeijua tanzanaiti tangu miaka ile ya mwanzo baada ya kugunduliwa mwaka 1967. Chuoni walitufundisha kuchimba. Habari za kuchoma mawe hazikuwamo.

Siku hiyo akaingia broka, kijana mwenye haraka zake, na jiwe ghafi la tanzanaiti, la kahawia.

"Shikamoo mzee. Nichomee hili, tajiri ananisubiri Mnara wa Saa."

"Marahaba." Akaligeuza dirishani, kisha akanipa. Nikaona bluu. Nikaligeuza, zambarau. Nikaligeuza tena, kahawia iliyoelekea umanjano. Jiwe ni hilo hilo moja! Nikajitia ujuzi: hii ni zoisaiti, madini ambayo tanzanaiti ni aina yake, yenye metali ya vanadiamu, ukiipa joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi kahawia inaondoka, inabaki bluu na zambarau.

Mzee wala hakunijibu. Alilitumbukiza jiwe kwenye glasi ya maji, akaimulika kwa tochi upande wa chini, akanisukumia lupu, kile kilenzi cha kukuzia. Pembeni kulikuwa na ufa ambao kwa macho matupu usingeuona kamwe, na kandokando yake vichembe vyeusi vya kinywe, yaani grafiti. Miamba ya Mererani imejaa kinywe.

"Moto ukifika hapo linapasuka. Likatwe kwanza, huo ufa utoke, ndipo nichome."

"Litapungua uzito, mzee!"

"Litapungua, ndiyo."

Wakavutana weee, mwisho broka akafunga jiwe lake kwenye karatasi. Unga Limited kuna fundi mwenye tanuri, akasema, na yule hana maswali mengi.

Magharibi akarudi. Akafungua ile karatasi mezani: vipande viwili na ungaunga. Bluu yake, lazima niseme, ilikuwa safi ajabu. Mzee hakumsimanga, alivipima tu, akamwonyesha kipande ambacho bado kingekatika kikatoa kijiwe cha pete.

Broka alipotoka, mzee akanigeukia. "Injinia, Jumatatu tunakwenda Mererani. Vaa buti, hivyo viatu vya ofisini viache."

Mama nikamwambia nakwenda Moshi.