Laibrari "haipo", kumbe mojawapo ipo: nilivyoifufua programu ya mafuriko

Mvua za masika zikikolea, Mto Mkoji hushusha maji kutoka milima ya Mbeya hadi tambarare ya Usangu, na kalvati iliyopigiwa hesabu vibaya huondoka na barabara. Kwa hiyo programu ya hidroliki tunayopimia makalvati naithamini sana. Ni ya zamani, imeandikwa kwa Fortran, lugha ya kuandikia programu, na inatumia Linux. Tulipohamia Ubuntu 22.04, mojawapo ya matoleo ya Linux, ikagoma: "error while loading shared libraries: libgfortran.so.3". Maana yake haikuiona laibrari hiyo, yaani faili la msimbo ambalo programu huliazima ili iweze kufanya kazi.

Wengi wakiona ujumbe huo hukimbilia kushusha faili lolote lenye jina linalofanana, na bando linakwisha bure. Mimi nilianza kwa kuuliza programu, ambayo faili lake linaitwa hesabu, inataka nini:

ldd ./hesabu

Amri hii hutaja kila laibrari inayohitajika na mahali ilipopatikana. Isipopatikana huandika "not found". Ujumbe wa kosa hutaja laibrari moja tu, ldd hutaja zote kwa mkupuo. Kwangu zilikuwa mbili: libgfortran.so.3 na libiomp5.so. Kwa programu usiyoiamini tumia readelf -d, maana ldd wakati mwingine huiendesha programu yenyewe.

Hiyo libiomp5.so wala haikuwa imepotea. Nilipoitafuta kwa amri ya find niliikuta ndani ya folda ya programu, kwenye lib. Linux haichunguzi folda uliyopo kama Windows inavyofanya. Huangalia folda zilizoandikwa ndani ya programu, zilizotajwa kwenye LD_LIBRARY_PATH (orodha ya folda unayoiweka mwenyewe), orodha inayotengenezwa na amri ya ldconfig, pamoja na /lib na /usr/lib. Basi.

Kazi ilikuwa kwenye libgfortran, laibrari ya Fortran. Ile namba ya mwisho inaonyesha makubaliano kati ya laibrari na programu zinazoitegemea. Laibrari hii huja na GCC, programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa, na GCC 6 bado ilikuwa na namba 3. GCC 7 ikaleta 4, GCC 8 ikaleta 5, na Ubuntu 22.04 haina tena ile ya 3. Kijana wa chuo aliyekuwa field ofisini akaniambia, "Kaka, si tuweke linki tu, yaani jina la 3 lielekeze kwenye faili la 5?"

"Hapana, mdogo wangu."

Kwa libgfortran Linux ingekataa, kwa kuwa majina ya ndani yamewekewa toleo. Lakini laibrari isiyo na kinga hiyo inaweza kupokelewa, programu ikawaka vizuri, na namba zikatoka za uongo bila onyo lolote. Juu ya kalvati hiyo kutapita basi limejaa watu. Ushauri wa linki umeenea sana, na kwa kazi za uhandisi naupinga kabisa.

Ubuntu 18.04 ilikuwa bado na kifurushi cha libgfortran3. Nikakishusha, lakini sikukisakinisha. Nilikifungua tu kwenye folda ya pembeni ili kisiguse mfumo:

dpkg -x libgfortran3_*.deb zamani

Kisha nikaandika skripti fupi, nikaiweka kwenye folda ya programu na kuiendeshea hapohapo:

export LD_LIBRARY_PATH="$PWD/lib:$PWD/zamani/usr/lib/x86_64-linux-gnu"
exec ./hesabu "$@"

Mstari wa export ubaki ndani ya skripti. Ukiuweka kwenye .bashrc, faili linalosomwa kila unapofungua terminali, programu nyingine unazofungua humo, kwa mfano QGIS ya kuchora ramani, zinaweza kuokota laibrari zisizo zao na kuanza kuanguka ovyo.

Programu iliwaka. Kabla ya kugusa data ya Mkoji niliendesha mfano uliokuja na programu yenyewe, nikalinganisha vina vya maji na majibu ya watengenezaji, sehemu baada ya sehemu. Yalilingana.

Baadaye dada mmoja mhandisi wa Iringa alinipigia kuhusu programu yake ya miundo. Linux ilimjibu "No such file or directory" na faili analiona kwa macho, tena ldd ikasema "not a dynamic executable". Nilimwomba apige amri ya file, ikaonyesha ELF 32-bit, yaani programu ya biti 32: kompyuta yake ya biti 64 haikuwa na kipakiaji cha biti 32, kile kinachoianzisha programu na kuitafutia laibrari. Akaongeza i386, jina la mfumo wa biti 32, kwa dpkg --add-architecture, akaendesha apt update, akasakinisha libc6:i386. Kuanzia hapo ldd ikaanza kumtajia laibrari zinazokosekana, naye akazifuata kwa majina yake.