Mstari wa 13 bila mstari wa 12

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu wiki hii ni Wafilipi 4:10–13.

Mwanamichezo Mkristo hahitaji kufundishwa mstari wa 13. "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Unaandikwa kwa kalamu kwenye plasta ya mkononi, unachapwa mgongoni mwa jezi za bonanza la Pasaka, unawekwa status usiku wa kuamkia mechi. Wachezaji wanashikana mabega chini ya mwembe (viwanja vyetu vingi havina vyumba vya kubadilishia nguo), mmoja anaomba kwa sauti, wote wanaitikia "Amina!" na kuingia. Upande wa pili nao wameshikana mabega. Ni vijana wa usharika wa jirani, na wameomba kwa mstari huo huo.

Baada ya dakika tisini mmoja amefungwa. Je, huyo aliyefungwa hakutiwa nguvu?

Niseme jambo ambalo huenda lisiwapendeze baadhi yenu. Mashabiki wa soka la Tanzania wanajua kwamba "kamati ya ufundi" si makocha, ni watu wa ushirikina. Wanajua kwa nini timu inaruka ukuta na kuliacha geti wazi, na kwa nini wachezaji wanavalia kwenye basi ilhali chumba kipo. Bodi ya Ligi imeshazipiga klabu faini kwa kukwepa mlango rasmi, na mchezo haujaisha. Sisi wa kanisani tukisikia hayo tunacheka, tunatikisa kichwa, tunasema watu hawa wanahitaji injili. Sawa, wanaihitaji. Lakini hirizi iliyofungwa kiunoni na mstari uliofungwa mkononi vinatofautiana nini, kama vyote viwili tunavidai matokeo? Mganga huahidi ushindi na mwenzako adhoofike. Nimesikia sala za kabla ya mechi zinazoomba hivyo hivyo, ila zinamalizia kwa jina la Yesu.

Turudi kwa Paulo. Alipoandika maneno haya alikuwa kifungoni. Mwenyewe anavitaja vifungo vyake katika sura ya kwanza. Wafilipi walikuwa wamemtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito, naye anawashukuru, lakini anataka waelewe kwamba hakuwa amekaa akihesabu siku za msaada kufika. Ndipo linapokuja neno ambalo hatulichapi kwenye jezi: "Najua kudhiliwa, tena najua kufanikiwa, katika hali yo yote, na katika mambo yo yote, nimefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa." Huo ni mstari wa 12. "Mambo yote" ya mstari wa 13 ndiyo hayo hayo, na njaa imo. Kwa lugha ya uwanjani, kukaa benchi msimu mzima kumo. Nyama za paja kuchanika wiki moja kabla ya fainali kumo. Kukosa penalti ya mwisho mbele ya mtaa mzima, kisha Jumapili uimbe kwaya ukiwatazama watu wale wale usoni, nako kumo.

Tena anasema "nimefundishwa". Kwa hiyo nguvu hii haishuki dakika tano kabla ya filimbi kwa sababu tumepaza sauti sana. Hufundishwa, na mafunzo yake huja kwa kushiba na kwa kukosa.

Wengi mmewahi kusikia habari za Eric Liddell, kwa maana semina za vijana zinampenda. Alikuwa Mskoti aliyezaliwa China mwaka 1902, mtoto wa wamisionari. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924 alikataa kukimbia mita 100, mbio zilizokuwa zake hasa, kwa sababu mchujo wake uliangukia Jumapili. Akaingia mita 400. Asubuhi ya fainali mkandaji misuli wa timu alimpa kikaratasi chenye maneno yanayotoka 1 Samweli 2:30, kwamba wanaomheshimu Mungu, Mungu atawaheshimu. Akashinda kwa sekunde 47.6.

Wahubiri wengi huishia hapo, na ukiishia hapo umeshafanya hirizi nyingine: shika Jumapili, upate dhahabu. Sasa yule dada wa netiboli aliyeachwa kwenye timu ya wilaya kwa sababu alikwenda ibadani, na hakuna medali iliyomfuata, tutamwambia nini?

Mimi namwambia aisome habari ya Liddell yote. Mwaka 1925, jina lake likiwa bado linavuma, alirudi China kuwa mwalimu na mmisionari. Vita vya Wajapani huko China vilipozidi kuwa hatari, mwaka 1941, alimsafirisha mkewe mjamzito na binti zao wawili kwenda Kanada. Binti wa tatu alizaliwa huko, na baba yake hakumwona kamwe. Mwaka 1943 Wajapani walimweka katika kambi ya Weihsien, mkoani Shandong, pamoja na raia wengine wa kigeni zaidi ya elfu moja, wakiwamo watoto wa shule waliotenganishwa na wazazi wao. Humo bingwa wa Olimpiki alifundisha sayansi, akawabebea wazee mizigo, akawapangia vijana michezo ili kukata tamaa kusiwamalize.

Mwanzoni alishika msimamo wake wa siku zote: Jumapili hakuna michezo. Vijana wakacheza mpira wa magongo Jumapili wenyewe, bila refa, ikaishia kwenye ugomvi. Baada ya hapo Liddell akakubali kuwachezesha hata Jumapili. Yule yule aliyekataa mbio mbele ya dunia nzima alikubali kwa ajili ya watoto waliofungiwa kambini. Nadhani wengi wetu tungefanya kinyume: tungekubali Paris, kisha tuwakatalie watoto kwa jina la msimamo.

Alifariki humo kambini tarehe 21 Februari 1945 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 43. Kambi ilikombolewa Agosti mwaka huo huo. Miezi sita tu! Kama nguvu za Mungu ni za kushinda peke yake, hapo pangebaki aibu. Lakini waliokuwa naye kambini waliendelea kumsimulia maisha yao yote, na si mbio za Paris walizosimulia zaidi. Hiyo ndiyo nguvu ya mstari wa 13 ikiwa na mstari wa 12 wake.

Mmoja wao alikuwa kijana aitwaye Steve Metcalf. Majira ya baridi yale ya mwisho, viatu vya kijana vikiwa vimekwisha, Liddell alimpa viatu vyake vya kukimbilia, vikuukuu, vilivyoshikizwa kwa uzi. Alimwachia na jambo jingine. Katika mafundisho yake kwa vijana alikuwa ameshikilia Mathayo 5:44, waombeeni wanaowaudhi, akimaanisha askari wale wale waliokuwa wakiwalinda. Metcalf alianza kuwaombea. Baada ya vita alikwenda Japani kama mmisionari, akatumika huko miaka mingi.

Kwa hiyo nina ombi moja dogo kwa timu yetu ya vijana. Mazoezi yaendelee kama kawaida. Paulo mwenyewe anasema kila ashindanaye katika michezo "hujizuia katika yote", na maombi hayatakupa pumzi uliyoikimbia saa kumi na moja alfajiri ukageukia upande wa pili wa kitanda. Jumamosi, nahodha akiongoza sala, aanze na mstari wa 12. Kisha awaombee wapinzani, na kwa jina kama anayajua: kipa wao asiumie, yule mshambuliaji wao msumbufu acheze vizuri. Amalizie na refa. Najua mwisho wa mechi iliyopita ulivyokuwa, na ndiyo maana naomba asimsahau refa.